Shingo ya Nyuzi Thelathini na Tano

Mwamgongo,
11 Februari 2024

Shangazi Klementina,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bibi Veneranda. Huku hatujambo. Mvua imetupiga wiki mbili, dagaa wamekosa jua la kuwakausha, na harufu yake unaijua. Kazi ninayo: natengeneza injini za boti hapa ufukweni. Wananiita fundi, nami naitika, ingawa fundi wa ukoo wetu ni mmoja na yuko Rusimbi.

Nimekupigia simu mara kumi na moja tangu Januari. Najua simu yako ni nzima, maana Adolf nahodha alikupigia mbele yangu ukapokea mlio wa pili. Basi naandika, na Adolf ndiye atakayekukabidhi.

Nina ombi moja. Mwezi wa tisa kuna mashindano ya kupanda mawe kwa baiskeli, Mwanza. Nimejiandikisha. Ile baiskeli ninayo, uma wa mbele mzima, matairi mazima, ila shingo ya usukani uliyoifunga wewe ilipinda siku ile pale Bangwe. Nimefunga nyingine niliyoipata Kibirizi, na baiskeli imegeuka ya mtu mwingine. Nikiipeleka kwenye jiwe inanikatalia. Siku tulipoifunga uliandika kila kitu kwenye daftari lako. Naomba unitumie urefu wa shingo, mwinuko wake, na usukani tuliulaza vipi.

Mkono umepona.

Mwanao,
Feliksi Martini

*

Rusimbi, Ujiji,
3 Machi 2024

Feliksi,

Marahaba. Bibi yako yupo, goti tu linamsumbua, na kila akisikia mtu ametoka Kibirizi anauliza kama amekuona. Mahindi ya nyuma ya nyumba yameota vizuri, mihogo imechimbuliwa na nguruwe wa watu. Nyumba tumeezeka upya upande wa jikoni. Salamu zimeisha.

Wewe unataka vipimo, nami nianze na hesabu. Kabla ya Krismasi nilikuwa napokea baiskeli kumi na nne kwa wiki. Wiki iliyopita nimepokea tano, na mbili kati ya hizo zilikuja kujazwa upepo.

Tarehe 26 Desemba, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, ulishuka kutoka jiwe la tatu pale Bangwe, tairi la mbele likatua, wewe ukapitiliza juu ya usukani na mkono wa kushoto ukavunjika. Kabla jua halijazama Ujiji nzima ilikuwa na sababu: usukani umegeuka, kwa kuwa aliyeufunga ni mwanamke na hana kifua cha kukaza nati. Aliyelisema kwanza ni Erasto, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. "Klementina afunge vikapu," alisema, "vitu vya kukaza atuachie wenye mabega." Watu wakacheka, nami nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka kwake na spana mkononi.

Unajua nimetoka wapi. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa hakuna fundi hata mmoja wa mji huu aliyekubali nikae karibu na kazi yake. Nilichukua baiskeli ya marehemu baba yako, nikaifungua yote na kuifunga mara sita. Mara ya saba aliipanda kwenda Kasulu na kurudi, na haikulegea kitu. Nilipojifunza kusoma mwinuko kwa protrakta ya shule, walinicheka. Baiskeli yako ilipotoka kwenye mzigo wa mtumba haina kiti, mafundi wote walisema imepungua, ni mimi niliyewaambia haikupungua, hiyo mtu anaipanda amesimama. Na mpaka leo hakuna kiungo kinachotoka kwangu bila kupakwa mawese ndani na nje, ndiyo maana hewa ya ziwa haizili baiskeli zangu. Hiyo ndiyo saini yangu. Mtu akifungua nati akaona wekundu, anajua imepita Rusimbi.

Wewe ulilala hospitali siku nne. Watu waliokuja kukuona walikuuliza, usukani uligeuka au haukugeuka. Ukanyamaza. Hukusema ndiyo, hukusema siyo. Ulipotoka ukapanda boti.

Sasa sikiliza sharti langu. Niandikie mistari mitatu kwa mkono wako, uweke sahihi: Usukani haukugeuka. Nati zilikazwa. Nilianguka kwa kosa langu. Nitaibandika ukutani hapa kazini, Erasto aisome. Siku karatasi hiyo itakapofika, utapata vipimo vyako. Viko ukurasa wa 61.

Shangazi yako,
Klementina

*

Mwamgongo,
24 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za jikoni na nimesikitika kwa mihogo. Mwambie Bibi goti alikande kwa maji ya moto asubuhi, siyo jioni. Huku kumekuwa na upepo mbaya, boti mbili zimepigwa kwenye mawe, nami nimepata injini tatu za kufungua kwa mpigo. Kuvuta kamba ya kuwashia ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Siku hizi navuta kwa mkono wa kulia na nimezoea.

Nyuma ya nyumba ninayokaa kuna mlima wa mawe unaoshuka mpaka majini. Hakuna njia wala barabara, hata pikipiki haijawahi kufika. Kwa baiskeli yangu hapa ni peponi, kama ingekuwa sawa. Haiko sawa. Nikitaka kunyanyua tairi la mbele inanibidi nivute kwa kiuno mpaka mgongo unalia. Nikishuka kutoka kwenye jiwe, uzito wangu wote unaangukia viganja. Magoti nayo yanagonga usukani kila nikigeuka. Shingo hii niliyofunga nimeipima: urefu sentimita tisa, mwinuko nyuzi kumi. Sijui ni urefu ulio mbaya au ni mwinuko.

Watoto wa hapa wamenipa jina, Mbuzi wa Chuma. Watu wazima wananiuliza kiti kimeibwa na nani. Mzee mmoja alinishika bega akaniambia, "Baba, usione haya, kiti tutakuchangia."

Nangoja jibu lako. Imebaki miezi sita.

Feliksi

*

Rusimbi,
7 Aprili 2024

Feliksi,

Marahaba. Bibi hajambo, maji ya moto ameyakataa.

Umeandika mistari thelathini na sita. Nimeihesabu. Ile mitatu niliyoiomba haimo.

Nilikusudia nisijibu. Tatizo ni kwamba umenitajia sentimita tisa na nyuzi kumi, nami nikishaona namba siwezi kuziacha zikae vibaya. Nimechora shingo zote mbili kwenye kipande cha boksi, kipimo kwa kipimo. Ile yangu ilikuwa milimita mia na hamsini kwa nyuzi thelathini na tano. Maana yake ilikupandisha milimita themanini na sita na kukupeleka mbele mia na ishirini na tatu. Hiyo ya Kibirizi inakupandisha kumi na sita na kukupeleka mbele themanini na tisa. Kwa hiyo mikono yako imeshuka milimita sabini na imerudi nyuma thelathini na nne. Unasimama juu ya baiskeli kama mtu anayefua nguo kwenye beseni. Ajabu si kwamba mgongo unalia. Ajabu ni kwamba hujaanguka tena.

Siyo urefu wala mwinuko peke yake, ni vyote viwili. Mtu mwenye akili angekuwa ameliona hilo bila kuniandikia.

Adolf anakuletea shingo. Nimeipekua kwenye mzigo wa mtumba siku mbili, mia na hamsini kwa thelathini na tano, ileile. Nimeipaka mawese tayari. Usukani ulaze mwinuko wake uwe sambamba na uma wa mbele ukitazama kwa ubavu, usiinamie mbele wala usirudi kifuani. Nati nne za kushika usukani kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine.

Usidhani nimesahau. Hii siyo zawadi. Sipendi tu kujua kwamba mahali fulani juu ya mawe kuna kitu cha ukoo wangu kimefungwa vile. Mistari mitatu naidai bado, na sasa naidai zaidi. Wiki hii baiskeli nne. Mteja wangu wa miaka minane, yule mwalimu Elikana, nimemwona amekaa kwenye benchi la Erasto. Aliniona akajifanya anasoma simu.

Klementina

*

Mwamgongo,
5 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Ahsante, na ahsante tena. Bibi nimemtumia dagaa kilo mbili kwa Adolf, waliokauka vizuri, mwambie hakuna mchanga.

Shingo imefika salama. Niliifuta kwa petroli na kitambaa, nje na ndani mahali panaposhika usukani, mpaka ikakauka kabisa, ndipo nikaifunga. Siku ya kwanza tu nilipanda mwamba uliokuwa umenishinda tangu Februari. Tairi la mbele linanyanyuka nikilifikiria.

Kuna marekebisho madogo niliyofanya, nakuandikia uyaweke kwenye daftari. Niliona niko chini kidogo, nikaongeza ringi ndogo kama pete, nene milimita kumi, chini ya shingo. Baada ya wiki nikaongeza nyingine ya kumi. Usukani nimeurudisha kuelekea kifuani kama nyuzi nane hivi. Mkono wa breki wa kushoto nimeuelekeza chini kuliko wa kulia, naona unashikika vizuri zaidi. Mpira wa kushikia upande huohuo nimeuzungushia kipande cha tyubu uwe mnene. Sasa nipo vizuri.

Kuhusu ile karatasi. Shangazi, siwezi kuiandika. Nimeijaribu mara nne na nimechana mara nne. Nakuomba usiniombe tena.

Feliksi

*

Rusimbi,
19 Mei 2024

Feliksi,

Bibi amewala dagaa wako na amekuombea. Mimi sikuwala.

Umefuta mawese yangu kwa petroli. Miaka ishirini na sita naweka mkono wangu kwenye kazi, na mtoto niliyemlea tangu ana miaka tisa, niliyemfundisha kushika spana, anaufuta kwa kitambaa kama mtu anayefuta mate ya mwenziwe. Halafu ananiandikia, anieleze kabisa, ili nisikose kujua. Ungekaa kimya hapo pia, kama ulivyokaa hospitali. Kunyamaza unakujua.

Nimekaa na barua yako siku tatu nitafute tusi la kukurudishia. Badala yake nikafanya hesabu, na hesabu imenionyesha kitu ambacho hukutaka nikione.

Ringi mbili zimekupandisha milimita ishirini. Nyuzi nane za kurudisha usukani, kwa usukani wenye kimo cha milimita tisini na tano, zimeuleta kumi na tatu kifuani kwako. Kila ulichobadilisha kinapunguza uzito kwenye viganja. Hakuna hata kimoja kinachokusaidia kupanda. Ukweli ni kwamba umeharibu nusu ya faida ya shingo. Kisha breki ya kushoto peke yake imeelekezwa chini, na mpira wa kushoto peke yake umenenepeshwa. Na barua ya Machi uliniambia kamba ya injini unavuta kwa kulia, wewe ambaye tangu utoto unatumia shoto.

Mtu mwenye mikono miwili mizima hafungi baiskeli hivyo. Hivyo hufunga mtu ambaye kifundo cha mkono wake wa kushoto hakikunji kurudi nyuma.

Uliniandikia, mkono umepona. Maneno mawili. Weka kiganja mezani, kunja kifundo, chukua protrakta, niandikie namba. Usiniandikie maneno.

Na jambo la pili, hili si la kungoja boti ijayo, mwambie Adolf anipigie ukishalifanya. Toa zile ringi. Bomba la uma wa mbele linalochomoza juu lina milimita arobaini na mbili tu. Ukiweka ishirini chini ya shingo, shingo inashika ishirini na mbili, na nati ya juu inabana hewa. Siku moja itachomoka yote mkononi mwako, na safari hii halitakuwa suala la mkono.

Klementina

*

Rusimbi,
16 Juni 2024

Feliksi,

Adolf amenipigia kusema ringi umetoa. Ahsante kwa hilo. Akasema pia kwamba alikukuta umekaa karibu na injini, mtu mwingine anakuvutia kamba.

Wiki nne sijapata barua. Boti zimekwenda na kurudi mara ishirini na tatu.

Erasto ameweka ubao mpya, ameandika: Hapa Tunakaza. Watu wanapiga picha.

Namba ya kifundo naingoja.

Klementina

*

Mwamgongo,
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Msalimie Bibi. Leo sina habari nyingine.

Kulia ni nyuzi sabini. Kushoto ni thelathini. Plasta waliniambia niivae wiki sita, nikaikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma wiki ya nne, kwa sababu kulikuwa na injini na nilikuwa sina kitu. Wa kulaumiwa hapo ni mimi tu. Sikukuambia kwa kuwa nilijua utasema hivyo, na ungekuwa umesema kweli.

Kwa kuwa umetaka namba na nimekupa, nikupe na lingine, halafu uamue kama mimi bado ni mtoto wa nyumba hiyo.

Usukani uligeuka.

Nilipotua pale Bangwe niliusikia mkononi kabla sijaanguka. Uliinama mbele chini ya uzito wangu, taratibu, kama mlango uliopakwa mafuta. Nilipokuwa chini nikingoja kubebwa, baiskeli ilikuwa imelala karibu na uso wangu. Nilijaribu nati kwa vidole vya mkono mzima: zilikuwa zimekazwa, hazikutikisika. Erasto ni mwongo. Ulikaza kama unavyokaza siku zote. Lakini usukani ulikuwa umegeuka ndani ya shingo nati zikiwa zimekaza, na pale ulipogeukia palibaki mstari mwekundu unaong'aa. Nikausogezea pua. Mawese.

Mahali panaposhika usukani hapatakiwi mafuta, Shangazi. Kwenye gololi ndiyo, kwenye mnyororo ndiyo, kwenye nati ndiyo. Pale panashika kwa ukavu.

Waliponiuliza hospitali, ningesema haukugeuka, ningekuwa mwongo. Ningesema umegeuka, kesho yake wangesema Klementina anazikaanga baiskeli, na wasingekumbuka kwamba nati zilikuwa sawa. Nikaona bora ninyamaze, niende mbali, watasahau. Hawakusahau. Nawe ukaniomba uongo kwa maandishi.

Vipimo unavyo. Mimi sina kingine.

Feliksi

*

Rusimbi,
28 Julai 2024

Feliksi mwanangu,

Marahaba. Bibi hajambo. Sasa anatumia maji ya moto, asubuhi, na anasema alilivumbua mwenyewe. Mahindi tumevuna magunia matatu. Wale nguruwe mwenyewe kawafungia.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya kopo la spoku, ikakaa siku tisa. Siku hizo tisa nilikuwa nimeshakujibu kichwani majibu mengi, na mengine yalikuwa mazuri sana. Nilisema umeanguka vibaya ukaota. Nilisema umefundishwa na watu wa injini. Siku ya kumi nikaona nimetoa maneno mengi na sijatoa kipimo hata kimoja.

Nikafunga shingo kwenye jiliwa la kubania vyuma, nikauweka usukani, nikaunganisha bomba la sentimita ishirini na tano, mwishoni nikaning'iniza dumu la lita ishirini, tupu. Nati nilizikaza zote sawasawa: spana yenye mkono wa sentimita kumi na tano, mwishoni naning'iniza mawe mawili ya mizani, kilo mbili mbili, inapokomea ndiyo imekaza. Hivyo hakuna wa kusema mara hii umekaza sana mara hii kidogo. Kisha nikamimina maji lita moja moja.

Usukani mkavu uliofutwa kwa petroli: lita ishirini, dumu limejaa, haukusogea. Nikarudia, ishirini. Nikarudia, ishirini.

Usukani uliopakwa mawese kama ninavyopaka siku zote: lita tisa ukageuka. Nikarudia, nane. Nikarudia, tisa. Uligeuka kama ulivyoandika, taratibu, haukupiga hata kelele.

Nilikaa chini pale kwenye kibao changu mpaka Bibi akaja kuniuliza kama nimeugua.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa. Nililibeba jiliwa na meza yake nikaliweka katikati ya barabara, usukani nimeupaka mawese, nikamwita Erasto.

"Njoo ukaze," nikamwambia.

"Nikaze nini?"

"Usukani huu. Kwa kifua chako chote. Sitaki mawe ya mizani, nataka wewe."

Akavua shati, Feliksi. Watu wakamshangilia. Akakaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka, akanirudishia spana na kunikonyeza. Nikamimina. Lita ya tisa ikapita, akaanza kucheka. Lita ya kumi usukani ukainama ukamwagia maji miguuni.

"Kumi," nikasema. "Nilipokaza mimi uligeuka lita ya tisa. Kifua chako kina lita moja."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini sikuwaita kwa ajili hiyo, na kicheko kilipopungua nikawaambia. Nikawaonyesha ule mkavu na lita zake ishirini. Nikawaambia kwamba Bangwe usukani uligeuka, na nati zilikuwa zimekaza, na ulichogeukia ni mawese niliyoyapaka mimi.

Erasto akaniuliza, "Kwa hiyo unakiri?"

"Mawese nakiri. Nguvu sikiri."

Mwalimu Elikana ndiye aliyenyoosha mkono, kama yuko darasani, akauliza baiskeli yake yeye imepakwa au haikupakwa. Nikamwambia imepakwa. Akageuka akaitazama, imeegemea benchi la Erasto, akawa kama anaangalia mbwa aliyemzoea ameanza kutoa meno.

Nimepekua daftari tangu ukurasa wa kwanza. Baiskeli nilizofunga shingo za namna hiyo nikazipaka ni thelathini na nne. Kuanzia siku ile nazifuata moja moja, nafungua, nafuta kwa petroli, nakausha, nafunga. Nimefanya ishirini na moja. Wengine wananishukuru. Wengine wananipa baiskeli bila kunitazama, wakishaipokea wanaipeleka kwa mwingine. Mmoja, baba wa watoto wanne anayewapeleka shule wawili mbele wawili nyuma, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Siku zote hizo ulikuwa unajua?" Nikasema sikujua. Akasema, "Mimi nilikuwa naziona nati nyekundu nikidhani ndiyo uzuri." Nikachukua petroli, nikaifuta baiskeli yake mbele yake.

Zimebaki kumi na tatu. Mbili ziko Kasulu, moja nasikia imevuka kwenda Uvira. Wiki hii wateja ni watatu, na sitarajii zaidi kwa muda. Jina nililolijenga kwa miaka ishirini na sita nimelimwaga barabarani kwa dumu moja, na kama ningelishika ningekuwa nimemwacha yule baba ashuke mlima wa Mwanga na watoto wanne.

Mkono wako niliuvunja mimi. Plasta uliikata wewe, hilo hukuniachia, lakini usingekuwa na plasta. Nimeliandika hilo daftarini, ukurasa wa 61, chini ya vipimo.

Sasa baiskeli. Ringi hazirudi. Nimepata shingo nyingine, urefu uleule mia na hamsini, ila mwinuko nyuzi arobaini na tano. Hiyo inakupandisha ishirini zaidi na kukurudisha kumi na saba, yaani kile ulichokitafuta kwa ringi na kwa kulaza usukani utakipata bila kuiba bomba, na shingo itashika milimita zote arobaini na mbili. Usukani utarudi sambamba na uma. Breki ya kushoto iache chini kama ulivyoiweka, hapo ulikuwa sahihi. Utapoteza kidogo wepesi wa tairi la mbele, nimepiga hesabu, na utaulipia kwa kiuno.

Kuhusu Mwanza sikuamulii, una miaka ishirini na sita. Nasema tu kwamba kwa nyuzi thelathini mtu anapanda mawe, lakini kushuka kutoka juu ya mita moja, kifundo kitagoma kabla ya baiskeli. Kuna mama mmoja wa mazoezi ya viungo hapa mjini, ananisubiri nimweleze habari zako anipe mazoezi ya kukuletea. Tutapima kila Jumapili. Kifundo kikifika nyuzi arobaini na tano kabla ya mwisho wa Agosti, nakufungia mwenyewe na nakwenda nawe. Kisipofika, tutaangalia mwaka ujao, na utakasirika, na mimi nitapokea simu ukipiga.

Alhamisi nakuja na boti ya Adolf. Nakuja na jiliwa, shingo, spana na petroli. Usifunge wala usifungue kitu mpaka nifike. Nimesikia huko gati hakuna, mtu anashuka majini na mizigo anapokezwa. Jiliwa lina kilo kumi na nane. Wewe kaa mchangani, usinyooshe mkono kunipokea. Nitalibeba mwenyewe.

Klementina